Mbegu ya karafuu haianikwi

Kwako Mhariri, assalamu alaykum.

Gazeti lako la wiki mbili nyuma mpaka leo liko juu ya meza yangu ya kulia, limefunguliwa pale pale ukurasa wa kilimo na doa la chai lishaingia, kila nikipita namwambia mjukuu wangu leo naandika, leo naandika, na yeye anacheka tu. Basi leo ndo naandika. Mlitoa makala ya kuwahimiza watu wapande mikarafuu mipya, hilo mie siligombi, jambo la kheri kabisa, mikarafuu mingi huku kwetu imezeeka, ukipita shamba unaiona ilivyopukutika vichwa. Lakini katikati ya makala mwandishi kaandika kwamba mkulima achague mbegu nzuri, azianike juani mpaka zikauke sawasawa, halafu aziweke mahala pakavu akisubiri mvua za masika. Hapo nikaweka kikombe chini.

Mhariri, mpunga sawa. Kunde sawa, choroko sawa, mtama sawa, hata bamia. Karafuu ukiianika mbegu yake umeiuwa, na wala haitokwambia kama imekufa, itakaa kwenye kopo inakutazama, utaipanda, utaimwagilia asubuhi na jioni, na utangoja weee.

Najua kwa sababu yalishanikuta. Nlikuwa mwalimu kijana wa bayolojia, nimetoka chuo kichwa kimejaa, skuli yetu ikataka kuanzisha kitalu cha mikarafuu cha wanafunzi, mie nikapewa mbegu. Nikafanya kama kitabu kinavyosema, na kitabu kwenye mlango wa mbegu kilikuwa chote haragwe, haragwe limepasuliwa, haragwe linaota, haragwe juu ya pamba yenye maji. Nikaziosha, nikazianika juu ya jamvi siku nne, nikazifunga kwenye karatasi za kaki, nikaandika tarehe kwa mwandiko mzuri, nikazifungia kabatini tukaenda zetu likizo. Tuliporudi tukazipanda, mia tatu na kitu, watoto wamepanga vikopo mstari hasa. Haikuota hata moja. Kulikuwa na bibi mmoja jirani na skuli, ana shamba la urithi, akaja kututazama, akachukua mbegu moja akaivunja kwa ukucha, akanambia mwanangu hizi ushaziuwa zamani, hii haiwekwi hii, hii yaokotwa leo yapandwa leo. Mbele ya darasa zima. Mshahara wangu wa mwaka ule nishausahau lakini aibu ile siisahau.

Na tuseme ukweli, hapa Pemba pamoja na karafuu zote hizi kuna watoto wengi hawajawahi kuiona mbegu yake. Kile tunachochuma, tukachambua makonyo, tukaanika majamvini barabara nzima ikanukia, si mbegu wala si tunda, ni ua ambalo halijafunguka. Ukichelewa kulichuma linafunguka, nyuki wanakuja, na pale chini ya ua panavimba panageuka tunda dogo lenye rangi kama ya zambarau iliyoiva, ndani mna mbegu moja, mara chache mbili. Kwa hivo mkulima hodari anayevuna kwa wakati mbegu haioni kabisa, anayeiona ni yule aliyeiacha miti miwili mitatu makusudi. Ndo maana nakisia mwandishi wenu, ambaye najua ni kijana na simlaumu sana, kaandika kwa kudhani mbegu ni mbegu.

Baada ya ile aibu nikaliacha haragwe. Nikawa nikisomesha mbegu naanza na nazi, kwani nazi kila mtoto anaijua na Kiswahili chetu kishaipangia hatua zake zamani, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mtaalamu wa mimea akitaka kueleza namna mbegu inavyokua angeweza kuyachukua majina hayo akayaweka kwenye jedwali yalivyo. Dafu lile maji yake ni chakula cha mche ambacho bado hakijashikana, viini vya seli vinaelea tu humo ndani ya maji havina kuta, halafu kuta zinaanza kujengwa kutoka upande wa kifuu kuja ndani, ndo unapata ile nyama laini unayoikomba, inazidi kukaza mpaka ikawa nazi ya kukuna. Mche wenyewe, yani kijusi, ni kitu kidogo sana kiko chini ya jicho moja kati ya yale macho matatu, lile lililo laini, yale mengine mawili hayana kitu nyuma yake. Nazi ikiota, kile kijusi kinatoa kitu kama sponji kinajaa ndani kunyonya chakula, lile joya ambalo utotoni tukiligombania. Nlikuwa napasua nazi za hatua zote mbele ya darasa, na kipindi kikiisha ushahidi wote unaliwa.

Chakula hicho kinatoka wapi, hilo swali liliwasumbua wataalamu muda mrefu. Katikati ya karne ya 19 huko Ujerumani bado walikuwa wakigombana hata kijusi chenyewe kinatoka wapi, bwana mkubwa Schleiden anasema kinatoka kwenye mrija wa chavua yenyewe, yani ua la kike ni kama chungu tu cha kupandia, na aliyemvunja ni Wilhelm Hofmeister mwaka 1849, mtu ambaye chuo kikuu hakusoma, kazi yake ilikuwa kwenye biashara ya babake ya vitabu na muziki kule Leipzig, macho hayaoni mbali, anaamka alfajiri anatazama mbegu kwa darubini kabla ya kwenda dukani. Akaonesha kwenye mmea mmoja baada ya mwengine kwamba kijusi kinatokana na yai lililokuwa limo ndani ya ua, chavua inakuja kulirutubisha. Baadae wakampa uprofesa Heidelberg bila kusomea digrii. Nawapa pole walimu wenzangu mnaosubiri kupandishwa daraja.

Halafu mwaka 1898 Sergei Nawaschin wa Kiev akatazama maua jamii ya yungiyungi akaona jambo la ajabu zaidi, chavua haileti mbegu moja ya kiume, inaleta mbili. Moja inaungana na yai, unapata kijusi. Ya pili inaungana na viini viwili vilivyoko katikati, na huo muungano wa watatu ndo unakuwa chakula. Mwaka uliofuata Guignard wa Ufaransa naye akayaona hayo hayo. Yani Mhariri, lile tui unalopikia wali ni ndugu pacha wa mnazi ambao haukuzaliwa. Nlikuwa nikilisema hili darasani kimya kinaingia, mpaka kuna mtoto mmoja akaniuliza mwalimu, sasa tunakula ndugu yake nani.

Na maji ya nazi ambayo jikoni kwetu mara nyingi yanamwagwa, mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake kule Marekani walikuwa wanajaribu kulea vijusi vichanga vya mnanaha, ule mnanaha huu huu wa majalalani, wamevitoa kwenye mbegu kabla ya wakati na kila wakivipa sukari na chumvi vinakufa. Wakatia maji ya nazi. Vikakua. Tangu hapo maabara za kukuza miche kwenye chupa zikaanza kutafuta nazi, na mwaka 1958 Frederick Steward na watu wake wakaonesha kwamba chembe za karoti zikilelewa kwenye maji hayo zinaweza kugeuka vijusi na karoti kamili. Sisemi kwamba sie tungeyagundua, nasema tu kitu kiko jikoni na kitabu cha skuli hakikitaji.

Sasa nirudi kwenye kuanika, maana ndo lililonikalisha.

Haragwe halikaushwi na jua lako. Hapa ndo watu wanapokosea, wanadhani jua ndo linaifanya mbegu iweze kukaa. Haragwe likiwa bado kwenye ganda lake, likishashiba, linaanza lenyewe kujitayarisha kwa ukame, linatengeneza sukari za aina yake na protini maalumu za kulinda seli zisivunjike maji yakiondoka, linapunguza shughuli zote za ndani moja moja, halafu ndo linakauka pale pale juu ya mmea. Wewe ukilianika unamalizia kazi iliyokwisha. Mbegu kama hiyo imelala, unaweza kuiamsha mwaka ujao. Mbegu ya karafuu matayarisho hayo haifanyi. Nayo chakula chake kimo kwenye vipande viwili vinene vilivyokumbatiana, kwa kuitazama unaweza kusema ni binamu wa haragwe, lakini inaanguka chini mbichi, imejaa maji, na ndani kazi inaendelea kama vile haijatoka mtini. Ukiikausha utando wa seli unaharibika na haurudi. Embe ni hivo hivo, fenesi, doriani, shokishoki, zambarau, kakao, nazi yenyewe. La kuchekesha, mpera ni ukoo mmoja na mkarafuu na mbegu zake unazikausha zinakaa, kwa hivo usiende kwa ukoo.

Mwaka 1973 mtaalamu mmoja Muingereza, Roberts, akazigawa mbegu makundi mawili, hizi za kukauka akaziita za kawaida, na hizi zetu akazipa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni ukaidi. Jina hilo silipendi. Mbegu haikumkaidi mtu, imezaliwa nchi ya mvua ambako haina sababu ya kulala.

Na kazi kubwa ya kuzielewa imefanywa hapa hapa Afrika, tena kwenye bahari hii hii yetu, Durban. Kulikuwa na Profesa Patricia Berjak, amefariki 2015, yeye na mwenzake Norman Pammenter, na Jill Farrant ambaye siku hizi anajulikana kwa mimea inayokauka kabisa ikafufuka. Mbegu waliyoifanyia kazi miaka mingi ni ya mchu. Mchu, Mhariri! Ule mti wa mikokoni pwani, mkienda kutafuta chaza mnaukanyaga. Wakafuatilia mbegu ya mchu tangu changa mpaka inaanguka, wakailinganisha na zile zinazokauka, wakaona kwamba haina pale pa kusimama, kukua kunaingia moja kwa moja kwenye kuota. Ndo kwa sababu hiyo hata ukisema basi ntaiweka kwenye kopo lenye unyevu nayo haikubali kukaa, kwani ndani ya kopo inaendelea kuota, siku kidogo inataka maji zaidi ya ulonayo, na ukungu nao unaingia unaila. Kuikausha kosa, kuiweka mbichi unajipatia siku tu. Yule bibi wa jirani na skuli alinambia maneno hayo bila darubini, ingawa yeye hakueleza sababu na sababu ndo inayomfanya mtu asirudie kosa kwenye mbegu nyengine.

Mkoko ndo umevuka mpaka kabisa, wenyewe mbegu inaota ikiwa bado iko juu ya mti, inaning'inia kama bakora, ikidondoka ishakuwa mche. Ukimpeleka mtoto pwani dakika kumi anaona hatua zote, mkoko haungoji kabisa, mchu unangoja kidogo, na akirudi nyumbani kunde za mamake kwenye kopo la maziwa zinangoja mwaka. Sijui kwa nini tunang'ang'ania pamba na haragwe.

Hii hali ya mbegu kutongoja ndo imeandika historia ya visiwa hivi, na hili halisemwi. Karafuu kwao ni Maluku, Indonesia ya leo. Wadachi walipoishika biashara wakaing'oa na kuichoma miti kwengine kote wakaibakisha Ambon na visiwa vya jirani ili bei wapange wao. Na kwa muda mrefu ikawa vigumu kuiiba, na sidhani ilikuwa walinzi tu, mtu angeiba mbegu ya karafuu akaitia mfukoni, safari ya jahazi miezi, akifika ana kokwa lililokufa. Ilibidi wasafiri na miche hai au mbegu zilizowekwa kwenye udongo. Mwaka 1770 ndo Wafaransa wa Pierre Poivre wakafanikiwa kuifikisha Mauritius, ikaenda Réunion, na huku kwetu mwanzo wa karne ya 19 inatajwa kuwa aliyeileta ni Saleh bin Haramil, halafu Seyyid Said akaamrisha watu wapande. Kimbunga cha 1872 kikaifyeka Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tokea hapo karafuu ikawa yetu zaidi. Miti yote hiyo, wazazi wake walisafiri wakiwa wabichi. Mti wa mpira nao hivo hivo, Muingereza mmoja Wickham alitoa mbegu kama 70,000 Brazili mwaka 1876 akazikimbiza mpaka London, zilizoota hazikufika 3,000.

Kuna mmoja lazima nimtaje japo natoka nje kidogo. Rumphius, Mjerumani aliyekuwa akiwatumikia Wadachi kule Ambon, aliandika kitabu kikubwa cha mimea ya huko na mkarafuu umo. Mwaka 1670 akapofuka. 1674 tetemeko likamuulia mke na binti. 1687 moto ukala michoro yake. Akaanza upya, watu wanamsomea na kumchorea, 1692 meli iliyobeba nakala ikazamishwa na Wafaransa, bahati nzuri ilibaki nakala nyengine. Akafa 1702, kitabu kikaanza kutoka 1741. Mie nikichoka kusahihisha madaftari nlikuwa namkumbuka huyo.

Sasa ombi langu kwako. Kwanza toa masahihisho, na usiyafiche kona ya chini karibu na matangazo ya vifo, yaweke ukurasa ule ule wa kilimo kwa maandishi yanayoonekana, kwani kuna mtu saivi kaanika mbegu juu ya paa kwa kuliamini gazeti lako. Pili, wale wanaosema siku hizi kila mbegu imewekwa kwenye lile ghala la barafu la Svalbard kule Norway lililofunguliwa 2008 kwa hivo hata tukipoteza ipo, waambie karafuu haimo na nazi haimo, haziwezi kukauka kwa hivo haziwezi kugandishwa vile. Wataalamu wanajaribu kukitoa kijusi peke yake na kukigandisha kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini hiyo ni kazi ya maabara kubwa. Kwa sasa akiba yetu ya mbegu ni mikarafuu iliyosimama, na wale wazee wanaokata mti wa zamani kwa sababu hauzai sana wafikirie kwanza kama ndo ule uliohimili maradhi miaka yote.

Tatu, hao wanaotunga vitabu vya skuli, nishawaandikia zamani sikujibiwa, pengine gazeti watalisoma.

Na kwa msomaji anayetaka kupanda ni hivi. Okota tunda lililoiva likaanguka lenyewe, si lililokaa wiki chini ya mti. Liloweke usiku mmoja, asubuhi limenye nyama yake yote maana nyama inaleta ukungu, upande siku ile ile au kesho yake, kwenye kivuli cha makuti, udongo usikauke na usijae maji. Ukichelewa siku kadhaa zitaota chache, ukichelewa wiki mbili usijisumbue. Ikiwa unazisafirisha kwenda Unguja zifunge kwenye makumbi yaliyorowa, mfuko uwe na tundu zipumue, usiziache kwenye buti la gari bandarini.

Mwandishi wenu nae namkaribisha, simwiti kumgombeza. Mie nimeacha miti mitatu haikuchumwa msimu huu, matunda yashaanza kubadilika rangi. Aje na kamera yake kama anataka, na akitaka kuondoka na mbegu aje na mfuko wa makumbi yaliyorowa, asije na bahasha.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba